Maji Kwanza, Malaika Baadaye

Wako watu, na wengine wao ni wasomi, wasemao kwamba Shinyanga na Geita, nchi za almasi na dhahabu, zastahili kupambwa kwa sanamu yenye maji yarukayo juu, mfano wa yule malaika wa shaba aliye katika bustani kuu ya New York, Marekani. Sisi twawauliza: je, mmesoma habari zake zote?

Mwaka 1832 kipindupindu kiliua watu kama 3,500 katika mji ule, maana visima vyake vilikuwa vichafu. Ndipo wenyeji wakajenga mfereji wa kuleta maji ya mto Croton, mwendo wa zaidi ya kilometa 60, yakafika mwaka 1842. Malaika, kazi ya bibi Emma Stebbins, alisimamishwa mwaka 1873. Mkononi ameshika yungiyungi, alama ya usafi wa maji. Naye ni yule wa birika la Bethzatha katika Injili ya Yohana. Basi walikunywa kwanza, wakapamba baada ya miaka 31!

Kwetu maji ya Ziwa Viktoria yalivutwa toka Ihelele yakafika Kahama na Shinyanga mwaka 2009, nasi tukafurahi. Lakini wako mama zetu wafukuao mchanga wa mito iliyokauka. Na machimboni maji ya kuoshea dhahabu mara nyingi hutiwa zebaki. Yule mgonjwa wa Bethzatha, aliyeugua miaka 38, hakuwa na mtu wa kumtia birikani. Wenye fedha ya mapambo na waitumie kupeleka mabomba vijijini. Malaika wao tutampokea, hata tukimngoja miaka 31.