Utu Haupatikani kwa Kiambishi

Umezuka mtindo wa kusema na kuandika "roboti huyu amejibu", "roboti yule anakupenda", kana kwamba kila chenye sauti kina pumzi. Wanaoutetea wana hoja nyepesi: mashine inatembea, inazungumza, basi na iingie ngeli ya A-WA pamoja na watu na wanyama. Upande wa pili wamesimama wahafidhina wa sarufi, wanaoapa kwamba chuma ni chuma, nacho hakitatoka katika ngeli za vitu hadi Kiyama. Nayapinga makundi yote mawili, na shahidi wangu ni filamu ya katuni ya watoto.

Filamu hiyo ni The Iron Giant, iliyoongozwa na Brad Bird na kutolewa na Warner Bros. mwaka 1999. Ilikosa watazamaji katika majumba ya sinema, ikaja kupendwa baadaye. Chimbuko lake ni kitabu cha mshairi, Ted Hughes, aliyekuwa malenga rasmi wa ufalme wa Uingereza tangu 1984 hadi alipofariki 1998. Kitabu chake cha mwaka 1968 alikiita The Iron Man. Marekani kikachapishwa kwa jina la The Iron Giant. Mtafsiri wa Kiswahili hapo hapo amekwisha kushikwa koo. Aseme "Mtu wa Chuma" au "Jitu la Chuma"? Akichagua "wa", amekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Kiingereza nacho kina viwakilishi viwili, kimoja cha kitu na kimoja cha mtu, lakini msimulizi wake aweza kujificha: akitaja jitu na kitendo chake, kitenzi hakimfichui. Kiswahili hakina maficho hayo. "Limeanguka" au "ameanguka", "lake" au "wake", "lile" au "yule": kila neno linamdai msimulizi aseme anachokiamini. Wanaodai kwamba lugha yetu ni maskini mbele ya visa vya mashine na anga wautazame utajiri huu kwanza.

Tukitazame kisa chenyewe. Ni mwaka 1957, katika mji wa kubuniwa wa Rockwell, jimboni Maine. Jitu la chuma limeanguka kutoka angani, linakula vyuma, linanasa katika nyaya za umeme. Mtoto Hogarth anaukata umeme, analiokoa. Kisha anakuwa mwalimu wa lugha: analionyesha jiwe na kulitaja, analionyesha mti na kuutaja. Jitu linaiga. Mwenye pupa atasema, "Tazama, limenena, tulipe A-WA!"

La, hasha. Hadithi zetu zilikwisha kulijibu jambo hili zamani. Zimwi husema, huimba, hulaghai, huweka ahadi, na bado wahenga walisema "zimwi likujualo halikuli likakwisha". Lina uhai, lina ulimi, hata kumbukumbu linayo, nalo wakaliacha katika LI. Kasuku naye yumo katika A-WA kwa pumzi zake, wala si kwa umahiri wake wa kuiga. Kunena peke yake hakukuwa hati ya kuingilia barazani.

Nitaambiwa kwamba katika ngano hata jiwe likipewa kinywa husimuliwa kama mtu. Ni kweli, na tashihisi ni mali halali ya mshairi. Lakini katika ngano za Sungura na Fisi kila mmoja yuko ng'ambo ile ile ya mto tangu mwanzo. Katika kisa hiki yupo mmoja tu anayevuka, na kuvuka kwake ndiyo hadithi yenyewe. Msimulizi anayeanza na "huyu" ameubomoa mto.

Basi jitu linavuka lini? Limeumbwa kuwa silaha. Likiona bunduki, hata ya mchezo, macho yake hubadilika na mizinga yake huamka. Mwishoni kombora la nyuklia limekwisha kurushwa, nalo litaiangamiza Rockwell yote. Jitu, ambalo dakika chache zilizopita lilikuwa likiwafyatulia askari kwa hasira, linamwaga mtoto, linapaa kwenda kulikabili kombora. Amechagua. Amekataa kuwa bunduki. Hapo, wala si nukta moja kabla, Kiswahili kinaweza kusema "yule" bila kusema uongo, na mhafidhina atakayeng'ang'ania "lile" atakuwa anailinda kanuni dhidi ya ukweli.

Lugha yetu ilichukua shina moja, -tu, ikalivika viambishi: kitu, jitu, mtu, utu. Safari nzima ya filamu ile imo katika maneno hayo manne. Nasi huijua safari ya kurudi nyuma pia, kwa maana tukighadhibika humwita binadamu mwenzetu "jitu hili lisilo haya". Ngeli kwetu ni hukumu, na hukumu haitolewi kwa mazoea.

Ndiyo maana suala hili si la walimu wa sarufi peke yao. Leo akili mnemba inazungumza na watoto wetu kwa sauti laini, na wanaoiuza wangependa sana tuiite "huyu", tuiamini kama tunavyomwamini ndugu. Haijamfia mtu, haijakataa amri ya dhuluma kwa gharama yake yenyewe. Tukiipa kiambishi cha mtu kwa sababu tu inajibu upesi, tumeuza bure kile ambacho jitu la Rockwell lilikilipia kwa mwili wake.

Nasema hivi:

Chuma kilichosimama, msikipe jina "mtu",
Kwanza na kitende mema, kiwahurumie watu,
Kikikataa dhuluma, kikalinda wana wetu,
Hapo ngeli itahama, naye aitwe mwenzetu.

Mwenye hoja ya kupinga na ailete, kwa nathari au kwa beti. Ila atuonyeshe pia, katika kisa chake, ni sentensi ipi hasa ambapo "li-" inageuka "a-", na kwa tendo gani.