MALI BILA DAFTARI

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo neno hilo twalitumia kwa mali iliyo kubwa kuliko fedha, nayo ni historia ya mtu mweusi.

Huko Marekani, kila Februari, maktaba za umma hutandaza vitabu na picha za Weusi, wazee wakasimulia na watoto wakasikiliza. Desturi hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1926 Carter G. Woodson, mwana wa wazazi waliokuwa watumwa, alianzisha juma la historia ya Weusi. Mwaka huo huo vitabu na hati alizozikusanya Arturo Schomburg, Mweusi mzaliwa wa Puerto Rico, viliingia katika maktaba ya umma ya Harlem, New York. Wawili hao waliwajibu kwa kazi wale waliodai kwamba Mweusi hana historia.

Je, sisi wa Arusha na Meru tunacho cha kuweka rafuni? Tunacho. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na kuzichoma nyumba zao, ili ardhi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet ng'ambo. Mwaka 1952 alisimama New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akadai haki yao. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mtu mweusi wa Bermuda aliyefanya kazi yake Moshi. Tazameni basi: mzao wa Waafrika waliovushwa bahari utumwani alirudi kumtetea ndugu yake chini ya Mlima Meru!

Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi siku ile, lakini njia ilikwisha kufunguliwa. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza hilo hilo kunena habari za uhuru wa Tanganyika.

Kirilo na Seaton waliyaandika mambo hayo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1967, nacho ni cha Kiingereza. Lakini kitabu kimoja hakiwezi kubeba sauti za watu 3,000. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ile ya moshi leo ni mzee aliyepita miaka sabini. Kila tunapomzika mmoja wao, twazika na ukurasa ambao haukuandikwa.

Wako watakaosema: kwanza mshahara, kwanza maji, vitabu baadaye. Hatuwabezi, maana tumbo halingoji. Lakini mfanyakazi wa mashamba ya Nduruma asiyejua kwamba babu zake waliwahi kudai haki kwa umoja na kwa hoja, atajifunza wapi kudai ya kwake? Aliyesahau alikotoka huambiwa na wengine aendako.

Nchi hii iliunda bodi ya maktaba kwa sheria ya mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu mwenyewe akafungua Maktaba Kuu, Dar es Salaam. Maktaba hazikujengwa ziwe ghala la vitabu vya mitihani tu. Ni daftari la taifa.

Kwa hiyo twasema hivi. Wenzetu wana Februari yao. Sisi na tuwe na Novemba yetu. Mwezi huo maktaba ya umma ya Arusha iwakaribishe wazee wa Engare Nanyuki waketi mbele ya watoto wa shule na wafanyakazi, waseme waliyoyaona. Maneno yao yaandikwe kwa Kiswahili, yawekwe rafuni penye jina la Kirilo na la Seaton. Nanyi viongozi wa matawi, msingoje barua kutoka juu. Wazee mnawajua kwa majina na kwa nyumba zao. Nendeni mkawaulize wangali hai.