Funga ya Upasuaji Si Saumu

Sisi tuliolelewa katika saumu hudhani kwamba agizo la kutokula kabla ya upasuaji ni funga ile ile tuijuayo. Sivyo. Hii haina daku wala futari, na kiu yake haina fadhila. Ina sababu moja, nayo ni kuyalinda mapafu ya mgonjwa.

Aliye macho akipaliwa hukohoa. Aliyelazwa kwa nusukaputi hakohoi; kilichomo tumboni kikipanda kooni, huweza kuteremka mapafuni kimya kimya. Mwaka 1946, Daktari Curtis Mendelson wa New York aliandika habari za visa 66 vya namna hiyo, miongoni mwa waja wazito 44,016. Baadaye ikawa ada ya hospitali nyingi duniani kwamba ifikapo usiku wa manane, hata maji ni marufuku.

Elimu haikukomea hapo. Katika miaka ya 1980, watafiti waliyapima matumbo ya wagonjwa waliokunywa maji kidogo saa chache kabla ya upasuaji, wakakuta hayana maji mengi kuliko ya wale waliokesha na kiu. Ndiyo maana miongozo ya leo, kwa mtu mwenye afya ambaye upasuaji wake umepangwa, huruhusu maji na chai ya rangi hadi muda wa saa 2 kabla. Maziwa ya mama hukomeshwa saa 4 kabla. Chakula chepesi na maziwa ya mnyama, saa 6. Nyama na vyakula vya mafuta, saa 8 au zaidi. Kwa watoto, wataalamu wa Ulaya walipendekeza mwaka 2022 kwamba maji yaruhusiwe hadi saa 1 kabla.

Tunawakumbuka hapa jamaa zetu wa Garissa na Kaskazini Mashariki, ambako joto hupita nyuzi 35 na wagonjwa husafiri mwendo mrefu kuifikia hospitali ya rufaa. Huko chai huandaliwa kwa maziwa, mara nyingi ya ngamia. Bibi amwonapo mjukuu akilia, humpa kikombe kwa siri, akiona si chakula. Lakini maziwa huganda tumboni, na hukaa humo kama chakula. Mama mwingine, kwa kuogopa kosa hilo, humnyima mwanawe hata tone la maji tangu usiku hadi adhuhuri, naye huingia chumba cha upasuaji amenyauka. Wote wawili wametenda kwa huruma, na wote wawili wamemdhuru mtoto.

Basi tuulize waziwazi: "Anaruhusiwa kunywa maji mpaka saa ngapi?" Zamu ikisogezwa mbele, tuulize tena. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu, mwenye kisukari na mgonjwa wa dharura wana hukumu yao, kwa kuwa matumbo yao huenda yakachelewa kumaliza chakula. Hao wafuate neno la daktari wao.

Na ikiwa mgonjwa ameshakula, tuseme. Upasuaji kuahirishwa ni usumbufu, hasa kwa aliyetoka Mandera. Lakini kuficha kunaweza kumgharimu uhai. Vivyo hivyo kwa miraa, ambayo huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Mke anayejua kwamba mumewe alitafuna usiku asione haya kumwambia mtaalamu wa nusukaputi. Huko si kufichua aibu ya nyumba, bali ni kutimiza amana.

Upasuaji ukiangukia Ramadhani, tusisahau kwamba mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine. Asiikatae ruhusa aliyopewa na Mola wake, wala asiifiche glasi ya maji aliyokunywa kwa idhini ya daktari.

Allah awape shifa wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa wakweli mbele ya wanaowatibu.