KELELE YA DIFU SI DHAMBI YA DEREVA

Ndugu Wafanyakazi,

Leo nataka kusema juu ya kelele. Si kelele ya stendi wala ya mkutano, bali ni ile itokayo nyuma ya gari, katika ekseli, siku chache baada ya difu kubadilishwa meno. Ninyi mnaoendesha magari ya watu hapa Kimbo, Ruiru na Thika mwaijua sana. Mwajua pia ni nani hulipishwa.

Mimi si dereva. Mimi ni mtu wa reli, na kazi yangu ni kukagua mabehewa. Lakini nakaa Kimbo, na ndugu yangu mdogo aendesha matatu katika barabara ya Thika. Yaliyompata yeye ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Tajiri wake aliona gari haliendi mbio ya kutosha. Akaamuru difu ibadilishwe. Ya kwanza ilikuwa na krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 9. Akataka ya meno 41 kwa 10. Kazi ilianza Jumatatu alasiri, chini ya mti, ikaisha usiku kwa mwanga wa simu. Jumanne alfajiri gari lilikuwa barabarani limejaa watu. Ijumaa likaanza kulia kila lilipopita mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sauti nyembamba kama ya nzi aliyefungwa ndani ya chupa.

Tajiri akasikiliza dakika moja tu, akatoa hukumu. "Umeiua difu yangu kwa kukanyaga mafuta." Tangu siku hiyo alikata shilingi 400 kila jioni katika ujira wa ndugu yangu. Alikata siku 14, jumla shilingi 5,600. Hakufungua difu. Hakuuliza fundi. Hakuuliza mtu.

Sasa nauliza, ndugu zangu: hiyo ni hukumu ya namna gani? Shuleni kwa wamisheni tulifundishwa habari za Mfalme Suleimani na wale wanawake wawili waliogombea mtoto. Mfalme hakumtazama mmoja usoni akasema, "Wewe ndiwe mwongo." Alitafuta kwanza jaribio la kuutoa ukweli nje. Ikiwa mfalme mzima alijaribu kabla ya kuhukumu, mwenye matatu moja ni nani hata ahukumu kwa sikio moja?

Kazini kwetu behewa likitoa sauti mbaya, au boksi la ekseli likipata moto, hatuanzi kwa kumshika dereva wa treni. Behewa huondolewa katika treni, likakaguliwa. Twatazama beringi, twatazama grisi, twatazama gurudumu. Chuma hakina urafiki wala chuki. Ukikiuliza vizuri, kitakujibu.

Hata difu hujibu. Haya ndiyo maswali yake, nanyi madereva myashike, maana siku moja yatawaokoa.

Swali la kwanza: je, ni difu kweli? Simamisha gari, weka gia huru, ongeza moto wa injini hadi pale kelele husikika njiani. Ikisikika hali gari limesimama, basi yatoka katika injini, au ekzosi, au gia boksi. Ekseli haina hatia. Kisha endesha kwenye lami, halafu kwenye murram. Kelele ikibadilika kwa kubadilika barabara, huenda ni matairi tu. Kelele ya difu haijali barabara. Hujali mwendo na mzigo.

Swali la pili: yalia wakati gani? Sikiliza ukikanyaga mafuta na gari likivuta. Sikiliza ukiondoa mguu na gari likijivuta lenyewe. Sikiliza ukishika mwendo mmoja bila kuvuta wala kuachia. Meno ya krauni yana pande mbili. Upande mmoja hufanya kazi gari likivuta, wa pili ukiachia. Ikilia wakati mmoja tu, tazama namna meno yanavyokutana upande huo. Ikilia zaidi ukiachia mafuta, shuku pia beringi za pinioni zilizolegea, au nati yake.

Swali la tatu: kwenye kona yafanyaje? Ukipinda kushoto, uzito huenda gurudumu la kulia; ukipinda kulia, huenda la kushoto. Mngurumo ukizidi upande mmoja na kupungua upande wa pili, tafuta beringi ya gurudumu. Ikiwa kelele yaja kwenye kona tu, na njia iliyonyooka ni kimya, basi tazama zile gia ndogo za ndani ya difu, kwa maana hizo hufanya kazi kubwa wakati gurudumu moja lakimbia kuliko jingine.

Swali la nne: ni mlio mrefu au ni kugonga? Ikigonga mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, huenda jino la krauni limepasuka. Ikigonga mara moja kwa kila mzunguko wa propela, tazama jino la pinioni. Ikigonga mara moja tu unapoachia klachi, meno yana nafasi kubwa mno, au msalaba wa propela umekwisha. Na gari likitetemeka mwili mzima kadiri linavyoongeza mwendo, anza na propela kabla ya kuilaumu difu.

Jumapili ile tuliuliza maswali hayo yote. Tulikuwa watatu: mimi, ndugu yangu, na fundi mzee wa mtaani aliyekubali kuja kwa chai na chapati. Likisimama, gari lilikuwa kimya. Kwenye lami na kwenye murram lililia sawasawa. Kwenye kona halikubadilika. Lililia likivuta, na likalia zaidi mguu ulipotolewa. Basi tukajua ni krauni na pinioni. Tukainua gari, tukaliweka juu ya stendi za chuma, wala si juu ya jeki peke yake, maana jeki imewaua mafundi wengi. Mzee akashika kichwa cha pinioni mahali propela ifungwapo, akakitikisa. Kilicheza kama jino la mtoto. Hapo tukafungua.

Tuliona mambo matatu. La kwanza: krauni na pinioni huzaliwa pamoja. Kiwandani husuguliwa pamoja hata meno yakajuana, kisha hupigwa namba moja kuonyesha kwamba ni mke na mume. Hizi zilikuwa na namba mbili mbali mbali. Mtu alinunua krauni ya gari hili na pinioni ya gari lile, kwa sababu zilikuwa rahisi.

La pili: katikati ya beringi mbili za pinioni, katika difu za namna hii, huwa na bushi nyembamba ya kubonyea. Nati ikikazwa, bushi hubonyea kidogo na kuzipa beringi mkazo wake. Ikiisha kubonyea, haifai tena. Kila pinioni ifunguliwapo sharti ipatikane mpya. Hii ilikuwa ya zamani, imebonyea tangu enzi za babu. Ndiyo maana pinioni ilicheza.

La tatu: mzee alipaka meno rangi nyekundu, akazungusha kwa mkono. Alama ikatokea juu kwenye ncha za meno, si katikati. Maana yake pinioni ilikaa mbali mno na krauni, na hakuna aliyepima zile shimu zinazoisogeza. Kama alama ingekuwa chini kabisa kwenye shina la jino, pinioni ingekuwa imeingia mno. Inapotakiwa ni katikati. Jambo hili mtu aliona kwa macho, bila shule ya juu, kwa rangi ya shilingi chache.

Na meno yenyewe? Mazima. Mafuta? Safi. Difu iliyokosa mafuta ingeonyesha meno yaliyobadilika rangi kwa moto. Difu iliyopigwa kwa klachi na mzigo ingeonyesha jino lililovunjika. Hapakuwa na moja wala jingine. Difu ile ilizaliwa mgonjwa. Ndugu yangu aliipokea tu na kuibeba.

Wako watakaosema, "Wewe mtu wa reli wawatetea madereva, na madereva wengine ni waharibifu." Nakubali. Wako waharibifu. Yuko aachiaye klachi kama apigaye teke, yuko apakiaye mizigo hadi springi zikalala. Huyo difu itamshitaki yenyewe, kwa jino lililovunjika. Sisi hatusemi dereva asiulizwe kamwe. Twasema difu iulizwe kwanza.

Wako pia watakaomlaumu fundi. Polepole, ndugu. Fundi yule ni mfanyakazi kama wewe. Alipewa saa sita kwa kazi itakayo siku nzima. Geji ya kupima mchezo wa meno hakupewa. Kwenye magari mengi madogo mchezo huo ni kama sehemu 13 hadi 20 katika mia moja za milimita moja. Nani atapima hayo kwa kidole, gizani? Aliomba bushi mpya, akaambiwa, "Weka hiyo hiyo." Kosa lake ni kukubali. Mafundi, nawasihi: semeni hapana. Kazi mbaya uliyoifanya kwa kuamriwa hubaki na jina lako, na aliyekuamuru hatakumbuka.

Halafu gari likatolewa asubuhi likiwa limejaa watu. Meno mapya hutaka mwendo wa upole kwanza. Enda kidogo, simama, yapoe, na mzigo mzito usiwekwe katika kilomita mia za mwanzo. Kisha mafuta yabadilishwe mapema. Nayo yawe mafuta ya difu yenyewe, maana meno ya namna hii hayabingiriki tu, huteleza moja juu ya jingine kwa nguvu nyingi, na mafuta ya injini hayawezi kuyalinda. Nani aliyemnyima difu siku za kupumzika? Si dereva. Dereva alipewa hesabu ya jioni, akaambiwa alete.

Tena liko neno zito kuliko hayo. Kwa nini difu ilibadilishwa? Fanyeni hesabu. Meno 41 kwa 9 hufanya 4.56. Meno 41 kwa 10 hufanya 4.1. Kwa mzunguko ule ule wa propela, gari sasa laenda mbele zaidi, kama sehemu 11 katika mia. Gari ambalo kipimo chake cha mwendo huchukua hesabu kutoka gia boksi litaonyesha 80, na kumbe laenda 89. Kanuni zilizotolewa mwaka 2003, wakati wa Waziri John Michuki, ziliweka matatu mwisho wake kilomita 80 kwa saa. Basi dereva atazama mbele yake aone 80, ajione mtu wa sheria, na kumbe amekwisha kuivunja. Polisi akimsimamisha, nani atapanda kizimbani? Gari likipinduka, nani atakuwa kwenye kiti cha mbele? Faida ya meno mapya ni ya tajiri. Kelele, kesi na kaburi ni vya dereva.

Sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Ya makusudi, ndugu zangu! Si kelele ambayo hakuna aliyejua yatoka wapi. Kifungu cha 41 chasema mtu asifukuzwe kwa kosa la kazini kabla hajaambiwa kosa lake na kusikilizwa, naye aweza kuja na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama. Na tajiri akisema, "Huyu ni kibarua tu," msomeeni kifungu cha 37: kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zikafika mwezi mmoja ana haki za mwenye mshahara wa mwezi.

Kwa hiyo nasema chama chetu kidai mambo manne, na kila mwanachama ayadai mahali pake.

Moja: difu ikibadilishwa, iandikwe katika karatasi: tarehe, hesabu ya meno, namba za krauni na pinioni, vitu vipya vilivyotiwa. Dereva apewe nakala.

Mbili: kabla gari halijapakia abiria, dereva na fundi walijaribu pamoja njiani, likivuta, likiachia, na kwenye kona. Wote wawili watie sahihi.

Tatu: difu ikilia, isikatwe hata senti kabla haijafunguliwa mbele ya dereva na mjumbe wake.

Nne: dereva aambiwe mwendo wa kweli wa gari baada ya meno kubadilishwa. Na tajiri abadilishaye meno ili kuudanganya mwendo, jina lake na lifikishwe penye sheria.

Mtauliza yaliishaje kwa ndugu yangu. Tulimpelekea tajiri zile namba mbili katika kitambaa, krauni na pinioni, tukaziweka mezani kwake. Alizitazama muda mrefu. Siku ile hakukata. Wiki iliyofuata akarudisha shilingi 3,000. Zimebaki 2,600, nasi twazidai bado. Hatuzidai kwa matusi. Twazidai kwa chuma kile kile.

Madereva, jifunzeni kusikiliza magari yenu. Asiyejua kelele ya gari lake atalipa kelele za watu wengine maisha yake yote.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mkaguzi wa Mabehewa, Kimbo