Njia ya Mangapwani Ibaki Wazi kwa Wananchi

Mkazi wa Mji Mkongwe au wa Ng'ambo anapotaka kuwatoa watoto wake kwenda kupunga hewa siku ya mapumziko, mahali pa kwanza panapomjia akilini ni Forodhani. Forodhani ni pazuri, wala sina ugomvi napo. Lakini mtoto aliyezaliwa baina ya kuta za mawe, akasoma baina ya kuta hizo, na Jumapili akapelekwa kula urojo hatua chache tu kutoka kuta hizo hizo, hatuwezi kusema kwamba anaijua nchi yake.

Wazee wetu walikuwa na desturi ya kwenda mandari. Chakula kilipikwa usiku, na asubuhi na mapema jamaa nzima ilitoka mjini kwenda shamba, ikarejea magharibi. Desturi hiyo haijafa, ila imeanza kuzagaa dhana kwamba mandari ni ya mwenye gari yake, au ni ya mgeni aliyekuja kwa ndege. Dhana hiyo haina msingi. Msitu wa Masingini uko karibu na mji. Jozani, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, inafikika kwa nauli ya kawaida. Na Mangapwani, ambayo ndiyo ninayokusudia kuizungumzia, iko kiasi cha kilomita 20 na ushei kaskazini ya mji, na njia yake ni ile ile ya gari za abiria ziendazo Bumbwini kupitia Mtoni, Bububu na Chuini.

Atakayeshuka hapo na kapu lake la maandazi na chupa ya chai hatajuta. Kwanza lipo pango la maji. Mtu huteremka ngazi kutoka juani, na ghafla huingia katika ubaridi na kiza, na chini kabisa hukuta dimbwi la maji matamu. Wazee husimulia kwamba pango hilo lilivumbuliwa na kijana mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake aliyetumbukia. Hadithi ni nzuri, lakini maji yenyewe yana elimu zaidi. Kisiwa chetu kimejengeka juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu. Mvua hupenya ndani yake na kukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Mwalimu wa jiografia anaweza kulieleza jambo hilo kwa chaki mwaka mzima, na wanafunzi wasilielewe kama watakavyolielewa wakilishuhudia pale kwa dakika tano.

Kutoka hapo mtu huenda kwa miguu kufuata upande wa pwani, baina ya vichaka na minazi, juu ya mawe makali yasiyotaka kandambili, mpaka kwenye chumba cha watumwa. Hicho hakikuumbwa na mvua. Ni shimo la mraba lililochongwa katika mwamba na mikono ya watu, likaezekwa juu, na mlango wake ni mwembamba. Hunasibishwa na mfanyabiashara Mohammed bin Nassor Al-Alwi. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Uingereza, soko la Mkunazini likafungwa na usafirishaji wa watumwa baharini ukapigwa marufuku. Lakini biashara yenye faida haifi kwa wino. Iliingia mafichoni, na inaaminika kwamba baadhi ya mafichoni hayo ni hapo Mangapwani. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria za Zanzibar mpaka mwaka 1897.

Hapo si mahali pa kufungulia makapu. Chakula kiliwe ufukweni, na taka zirudi mjini pamoja na wenyewe. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, na ni aibu kuona kitu cha namna hiyo kimenasa katika mti wa pwani.

Sasa nije kwenye linalonikera. Serikali ya Mapinduzi imeamua kwamba Mangapwani ijengwe bandari kubwa, pamoja na sehemu ya mafuta na gesi. Uamuzi huo naunga mkono bila kusita. Bandari ya Malindi imebanwa na mji, imeelemewa kwa miaka mingi, na anayelipa gharama ya meli kungoja ni mwananchi anayenunua mchele dukani. Lakini bandari huja na uzio, na uzio haujui pango wala kaburi. Tukingoja mpaka uzio ukamilike ndipo tuulize njia ya kwenda pwani iko wapi, tutajibiwa kwamba hapakuwa na mtu aliyekuwa akiipita.

Kwa hiyo njia ile ya miguu, kutoka pango la maji hadi chumba cha watumwa na kuteremka ufukweni, haina budi ichorwe katika ramani za mradi kama njia ya umma, tangu sasa. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, hivyo ombi hili si la fadhila. Na maji yale ya pangoni yapimwe kabla tangi la kwanza la mafuta halijajazwa, kisha yaendelee kupimwa, kwani mafuta yakimwagika juu ya mwamba wenye matundu hayatakaa juu.

Upande wetu, twende. Vijana wa Chama wamezoea matembezi ya kuadhimisha Mapinduzi kila Januari, basi mwezi mwingine waongoze matembezi ya Mangapwani, wakiwachukua na wanafunzi wa skuli za mjini. Watoke asubuhi jua halijapanda, waulize kwanza maji ya bahari yanajaa saa ngapi, wavae viatu vya kufunika vidole, na mmoja wao abebe kurunzi kwa ajili ya pangoni.