Kosa si kusahau kijiti

Najua nimepotea, na kuna walioanza kueneza kwamba nimekula disko. Hapana jamani, nipo. Ilikuwa sapu moja tu na nimeshaifuta. Leo siongelei bumu wala foleni ya kafteria. Naongelea mlango wa nyuma wa gari. Msicheke kwanza.

Mjomba wangu ana Land Cruiser ya mwaka 1988, ule mtindo wa 60 ambao Toyota waliutengeneza kuanzia 1980 mpaka 1990. Injini ni 2H, dizeli, silinda sita, lita nne, haina tabo na haina haraka na mtu. Aliinunua mnadani mradi mmoja ulipofunga virago. Anakaa Nyandira, kule Mgeta. Kwa wasiopajua: unatoka Moro kama unaenda Iringa, unakata Sangasanga, unapita Mzumbe, unapita Mlali, halafu unaanza kuupanda Uluguru mpaka masikio yanaziba. Mchana gari hilo linashusha kabichi, karoti na njegere. Usiku linashusha wagonjwa. Hakuna aliyelisajili kuwa la wagonjwa, ila mjomba akigongewa dirisha saa nane za usiku haulizi "nani?", anauliza "ni nani anaumwa?"

Sasa mlango wenyewe. Umegawanyika vipande viwili. Cha chini kinalala kama meza, cha juu chenye kioo kinainuliwa, na ni kizito. Hicho cha juu ndicho kinachotakiwa kushikiliwa na shokapu mbili nyembamba, kushoto na kulia. Za mjomba zilichoka zamani. Badala yake kulikuwa na kijiti cha mkaratusi, kimeng'aa kwa kushikwashikwa, kinakaa chini ya kiti cha nyuma. Kila mtu nyumbani anakijua. Hata wageni wanafundishwa: ukifungua, weka kijiti. Miaka mitatu tuliishi hivyo.

Julai iliyopita nilikuwa likizo. Mchana tulishusha kabichi mjini, Soko la Mawenzi. Jua lilikuwa kali, nikainua mlango, ukasimama wenyewe. Nikajisemea, kumbe shokapu zimepata nafuu! Tukapanda kurudi. Usiku huohuo dirisha likagongwa: mama mjamzito, uchungu umemshika tangu jioni na hali si nzuri. Baridi ya kipupwe mnaijua nyie mliofika kule, unavaa sweta mbili na bado unatetemeka. Nikakimbia kufungua nyuma, nikainua mlango, ukasimama kama mchana. Kijiti sikukikumbuka kabisa. Mama mdogo wa mgonjwa akainama ndani kutandika godoro. Mlango ukashuka. Haukupiga kelele wala nini, ulishuka tu, kwanza polepole, halafu ghafla, ukamtua begani.

Tulishusha wagonjwa wawili badala ya mmoja. Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kike, yeye na mama yake wazima. Mama mdogo alivunjika mtulinga. Wiki sita mkono umefungwa shingoni, na mwanamke wa Mgeta asiyeweza kushika jembe wiki sita mnajua maana yake nini kwa nyumba yake. Nilienda kumsalimia, nikasema shikamoo, nikakosa la kuongeza. Yeye ndiye aliyenipa pole mimi.

Nyumbani kikao kilikuwa kifupi. Uamuzi: nilisahau kijiti. Mjomba aliusema mbele ya watu, na sisi Waluguru mjomba akishasema ndiyo imetoka hiyo. Sikubisha. Ni kweli nilisahau, na lile bega nitakuwa nalo kichwani muda mrefu.

Lakini hapa ni kwangu, kwa hiyo nitasema nisichoweza kusema kule. Kosa si kusahau kijiti. Kosa ni kuwa na kijiti. Kitu kinachomtegemea mtu akumbuke, usiku, kwenye baridi, mgonjwa analia, ipo siku hakitakumbukwa. Nisingesahau mimi angesahau mwingine. Tulikuwa tunajisifu kwamba tumelitatua tatizo la mlango, kumbe tulilihamisha kutoka kwenye chuma tukaliweka kwenye akili ya yeyote atakayefungua.

Kilichonikera zaidi nilikijua baadaye, kwa fundi. Nilimuuliza kwa nini mlango ulisimama mjini halafu ukaanguka nyumbani siku hiyohiyo. Fundi wetu ni wa darasa la saba, gereji yake ni mwembe na turubai. Hakunyanyua hata macho. "Moro joto, gesi inajikaza. Mgeta baridi, gesi inalegea. Shokapu nzima haioni tofauti, iliyochoka inaiona."

Wadau, nilitamani kujificha. Mimi mwanafunzi wa ualimu, masomo yangu ni hisabati, lakini kwenye mazoezi ya kufundisha shule niliyopangiwa haikuwa na mwalimu wa fizikia, nikapewa na kidato cha tatu. Nilisimama ubaoni nikafundisha kwamba presha ya gesi iliyofungiwa inapanda na kushuka pamoja na jotoridi. Fomula safi, mifano ya kwenye desa, wanafunzi wakanakili. Basi chukua fomula hiyohiyo: mjini nyuzi 30, hiyo ni 303 kwa kipimo cha Kelvin. Nyandira usiku nyuzi 12, yaani 285. Gawa. Presha imeshuka kwa asilimia kama sita. Kwa shokapu iliyobakiza nguvu ya kujikongoja tu, asilimia sita ndiyo inayoamua. Nililifundisha jambo hili kwa dakika themanini na sikulijua.

Hebu niwaeleze kilichomo ndani, maana wengi tunadhani ni springi. Hakuna springi. Ni silinda iliyojazwa naitrojeni kwa presha kubwa na mafuta kidogo. Ndani kuna pistoni, na gesi inapita pande zote mbili za pistoni. Sasa mbona inasukuma nje? Kwa sababu upande mmoja fimbo imekula nafasi, gesi ya upande huo ina eneo dogo la kusukumia. Tofauti yake ni unene wa fimbo tu. Kwenye silinda huwa pameandikwa nguvu kwa nyutoni. Chukua ya nyutoni 400 yenye fimbo ya milimita 8, piga hesabu, unapata bar kama 80. Hiyo ni zaidi ya mara thelathini ya upepo wa tairi la gari dogo. Na kinachoizuia isitoke ni sili moja ya mpira. Sili ikikauka, au fimbo ikipata mkwaruzo ukaikata, gesi inavuja kidogokidogo kwa miaka. Hakuna siku utakayosikia pwaa. Ndiyo maana tunaizoea.

Kwa hiyo ukisikia kijana wa gereji anasema atatoboa silinda, achomelee nozeli, ajaze upepo wa kompresa, chukua gari lako uondoke. Kwanza ile ambayo bado ina presha ukiitoboa au ukiipasha moto inaweza kukuua. Pili, kompresa ya kawaida ya gereji inatoa bar 8 au 10. Utakuwa umelipia moja ya kumi ya kinachotakiwa. Nimeona pia waliochomelea bomba badala ya shokapu, wakaweka pini. Hicho ni kijiti cha chuma, basi.

Fundi wetu alipima kwa futi: urefu mlango ukiwa wazi, urefu ukiwa umefungwa, kutoka katikati ya ncha moja mpaka katikati ya ncha nyingine. Akaangalia ncha zinafungwaje. Muuza spea wa Gerezani, Dar, akatuma picha kwa WhatsApp, akaapa kwamba ndizo zenyewe. Fundi akamwambia aweke futi pembeni apige picha tena. Zilizidi sentimita tatu! Ukifunga ndefu, mlango haufungi au unazilazimisha bawaba mpaka zinapinda. Zenye nguvu mno nazo ni balaa, zinakunja bati pale zinaposhikia. Jozi sahihi ilikuja kwa basi, tukaipokea Msamvu.

Wakati tunasubiri, hakurudisha kijiti. Alichukua kipande cha bomba la plastiki la maji, akalipasua kwa urefu, akalikata sawasawa na sehemu ya fimbo inayoonekana mlango ukiwa umeinuliwa. Unalivisha kwenye fimbo, na fimbo haiwezi tena kuingia ndani ya silinda. Moja kila upande, kamba nyekundu ili lionekane. Bado linamtegemea mtu, alikubali mwenyewe, lakini haliteleza kama kijiti na haliparuzi fimbo. Kuna watu wanabana fimbo kwa plaizi ya kujifunga. Kesho sili imekwisha.

Kufunga kwenyewe hakukuchukua hata saa, ukiacha boliti za zamani. Zile zilishikwa na kutu kweli, tukazilowesha dizeli tukaenda kunywa chai. Mimi nilishikilia mlango kwa mikono miwili, na lile bomba likiwa upande wa pili, naye akabadilisha moja kwanza, ndipo ya pili. Hakukubali kubadilisha moja tu kama mjomba alivyopendekeza ili kuokoa hela, maana mpya na iliyochoka zikikaa pamoja zinapindisha mlango. Sehemu nyembamba, yaani fimbo, akaielekeza chini, ili gari likilala mafuta ya ndani yakae juu ya sili na kuilowesha. Grisi hakupaka kwenye fimbo, kwa vumbi la njia ile ingekuwa msasa. Alifuta kwa kitambaa kikavu akaniambia niwe nafanya hivyo kila nikija.

Najua mtakalosema, na mjomba amelisema kabla yenu: gari ni injini, gari ni breki, mlango wa nyuma ni mapambo, hela hakuna. Kuhusu hela siwezi kumkejeli mtu. Jozi ile ilikula bumu langu la chakula la siku kumi na mbili, kwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, na nimekula ugali maharage wa kuchanga mpaka rumu meti wangu ananikimbia. Kijiti ni cha bure. Mtu anayechagua kati ya shokapu na ada ya mtoto atachagua ada, na mimi ningechagua hivyo.

Ila la mapambo nalikataa. Kwa gari la milimani mlango wa nyuma ndiyo mlango. Mgonjwa hapiti mbele. Tunabishana vimbwetani Land Rover na Cruiser ipi kiboko, Oktoba 2024 Arusha watu walikusanya Land Rover kwenye tamasha kwa lengo la kuvunja rekodi ya dunia ya Wajerumani, na ni jambo zuri kabisa. Lakini katika mabishano yote hayo sijawahi kusikia mtu akitaja kinachoshikilia mlango juu ya shingo ya anayepakia. Tunakijua kishindo cha injini ya 1988 kwa sikio, na mlango wake tunaukabidhi kwa mkaratusi.

Na sisi wa ualimu lipo la kwetu. Sera ya elimu toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali sekondari, wengi wetu tutapangiwa huko au jirani na huko. Mimi naomba siku moja niruhusiwe kumleta fundi yule darasani na shokapu iliyokufa mkononi, cheti hana, ingawa VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi na nimeshamwambia. Alinijibu, "Mwalimu, we leta wanafunzi huku, kule darasani kwenu hakuna gari." Sina jibu bado.

Mlango sasa unapanda wenyewe ukiusukuma kidogo, na unabaki. Nilipanda Nyandira wiki iliyopita makusudi, nikaujaribu saa kumi na moja alfajiri kwenye ukungu, nikauacha wazi nikanywa chai nzima. Ulikuwa palepale. Mjomba alikuwa ananitazama. Hakusema kitu. Kijiti bado kiko chini ya kiti, nilikitoa akakirudisha. "Kitasaidia kuchochea moto," akasema.

Haya, nina testi saa nane. Jumamosi nakwenda gereji tena, mwenye gari la nyumbani lenye buti la kijiti aje na vipimo. Naomba kuwasilisha.