Handel Ana Tarehe, Babu Hana Hata Jina

Desemba iliyopita nilihudhuria tamasha la kwaya mjini Same. Mlangoni nilipewa ratiba, karatasi moja iliyokunjwa katikati. Wimbo wa tatu: "Haleluya, G. F. Handel (1685–1759)". Wimbo wa nne: "Wimbo wa asili wa Kipare".

Wimbo huo wa nne aliutunga babu yangu mzaa mama, mwalimu wa kwaya huko mlimani, Upare Kusini. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimshikia taa ya chemli akiandika d, r, m kwenye daftari la shule, akiimba kidogo, akifuta, akianza upya. Tangu lini mtu niliyemshikia taa akawa "asili"?

Sina ugomvi na Handel. Haleluya yake ilipoanza ukumbi mzima ulisimama, nami nikasimama. Lakini nasoma shahada ya uzamili ya historia, na niliporudi chuoni nilitaka kujua huyu tunayemsimamia ni nani. Alizaliwa Halle, Ujerumani, jirani na Leipzig, mji uliotuma wamisionari wa Kilutheri waliopanda milima yetu mwanzoni mwa karne ya 20. Alihamia London, akapata uraia wa Uingereza mwaka 1727, na alipofariki Waingereza walimzika Westminster Abbey. *Messiah*, yenye Haleluya hiyo, aliianza tarehe 22 Agosti 1741 na kuimaliza 14 Septemba. Tunajuaje? Aliandika tarehe kwa mkono wake, na karatasi zikatunzwa. Leo ziko British Library. Nyumba yake ya Mtaa wa Brook ni makumbusho. Hata doa lake linajulikana: kumbukumbu za hisa zinaonyesha aliwahi kumiliki hisa za Royal African Company, kampuni iliyofanya biashara ya kuuza Waafrika utumwani.

Hivyo ndivyo mtu anavyoenziwa. Sifa peke yake hazitoshi. Karatasi zake zitunzwe, mazuri na mabaya yake yasomwe.

Nilimfuata mwalimu mmoja wa kwaya nikamlalamikia. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, nyimbo za Mungu hazina mwenyewe." Hoja hiyo nimeisikia tangu utotoni, na Handel mwenyewe anaivunja. Mwisho wa *Messiah* aliandika herufi tatu, S.D.G., kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya "utukufu kwa Mungu pekee". Alimpa Mungu utukufu wote, na tarehe akaandika.

Wala si babu tu. "Mfurahini, Haleluya" ya Mchungaji Bernard Kyamanywa inaimbwa hadi Ulaya na Marekani. Maneno yana jina lake, lakini sauti yake huandikwa tu kuwa ya Kihaya au ya Tanzania. Hata wimbo wa kurithi kuna mtu aliyeuimba kwanza. Wenzetu wana watunzi. Sisi tuna makabila.

Tusiwasingizie wazungu. Ratiba ile ya Same tuliichapa wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa kwa kazi yake, na kumwandika mtu jina hakugharimu hata shilingi.

Na mimi sina mikono safi. Baada ya msiba wa babu, madaftari yake yalibaki darini. Nilipokuwa kidato cha pili, msimu wa mvua, kuni zilikuwa mbichi na moto ulikataa kuwaka. Nilipanda darini nikachana kurasa. Siku ya pili tena. Hakuna aliyenikanya, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba ninachochoma ni kitu. Limebaki daftari moja, na wimbo ule umo, bila jina wala tarehe.

Kwa hiyo Krismasi hii, kabla hujapeleka ratiba ya kwaya yenu kuchapwa, uliza: huu katunga nani? Ukiambiwa "ni wa asili tu", usiandike bado. Panda mlimani, tafuta mzee anayekumbuka, uliza tena. Na kama mtunzi bado yuko hai, mpe kalamu aandike mwenyewe.